Mafuta Yasifike Ziwani

Anyitike aliporudi Matema, watu walimwita Mwiringa, ingawa kitovu chake kilizikwa palepale, nyuma ya migomba ya mama yake. Hawakumkejeli. Aliondoka ndevu hazijaota, akarudi na kipara kimeanza kuchungulia, na kila alipokutana na mtu njiani ulimi ulimteleza: badala ya salamu za kwao akasema "Kamwene", kama Mhehe. Watoto waliipenda sana hiyo. Walijificha kwenye mianzi wakamwitia, "Kamwene, Mwiringa!" naye akawapungia mkono, akaenda zake.

Ujana wake wote aliumaliza katika gereji moja mjini Iringa, chini ya fundi mmoja Mhehe aliyeitwa Kalinga, mtu wa maneno machache na macho makali. Gereji ilikaa juu ya mteremko, na mtaro wake ulishuka mpaka Ruaha Mdogo, ambako dada zake Kalinga walifua nguo na kuteka maji. Kwa hiyo pale gerejini palikuwa na amri moja isiyojadiliwa: mafuta machafu hayaingii mtaroni. Yakimwagika, yanafunikwa kwa maranda ya mbao, yanaachwa yanywewe, kisha maranda yanazolewa na kuchomwa. Mwanzoni Anyitike aliona ni usumbufu mtupu. Baadaye mkono ukazoea, na mkono ukishazoea jambo hauulizi tena.

Mwaka wa hamsini na sita baba yake alifariki, mama akabaki peke yake, naye akafunga virago. Njiani, pale Chimala, basi lao lilikuta lori limeziba barabara, boneti wazi, na mwenye lori, mtu mnene wa kofia nyeupe, akilizunguka huku akimwomba Mungu. Anyitike akashuka, akainama ndani ya injini, akaomba kipande cha waya na kitambaa, na abiria hawajamaliza kununua miwa lori likanguruma.

"Unakwenda wapi, fundi?" aliuliza mwenye lori. Jina lake Alawi, mfanyabiashara wa Mbeya mjini, ambaye babu yake alipanda bara kutoka pwani na mizigo ya nguo asirudi tena.

"Kwa mama yangu, Matema."

Alawi alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Subhanallah! Mimi nina motaboti hukohuko Matema, inaniua pole pole kama kikohozi. Fundi wake kanikimbia, kaenda kwenye migodi ya shaba. Basi wewe kamsalimie mama, ukishashiba uniangalizie chombo changu."

Hivyo ndivyo Anyitike alivyopata kazi kabla hajafika nyumbani.

Chombo chenyewe kiliitwa Faraja. Kilibeba mpunga kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa hadi Mwaya, ambako malori yaliupokea na kuupandisha Tukuyu na Mbeya. Nafasi ikibaki kilibeba pia vyungu vya Wakisi wa Ikombe. Kwa nje kilipendeza, kimepakwa rangi ya samawati. Lakini Anyitike alipoinua kifuniko cha chumba cha injini siku ya kwanza, alirudisha uso nyuma kama aliyepigwa kibao. Chini ya injini kulikuwa na ziwa jingine, jeusi, zito, linalonuka dizeli na samaki waliooza. Gurudumu la injini lilikuwa limezama kidogo ndani yake, kwa hiyo kila injini ilipozunguka lilirusha matope ya mafuta mpaka kwenye magunia.

Habari za mpunga huo Alawi alikwisha kumpa. Mke wake, Mwanakhamisi, aliupikia wageni waliotoka Iringa kwa harusi. Wageni walitia tonge la kwanza kinywani, wakatazamana, wakasifu sana mchuzi. Wali haukuguswa tena. Mwanakhamisi hakumsemesha mumewe mpaka wageni walipoondoka, na alipomsemesha, Alawi alitamani angeendelea kunyamaza. Ndipo ikatoka amri: Faraja isafishwe tumboni kabla ya kupakia mpunga mpya.

Jioni ile Anyitike alikula kwa mama yake, Yudith. Alipomaliza, mama akamletea maji katika kibuyu. Yalikuwa baridi na matamu.

"Haya si maji ya ziwani, mama."

"Ni ya kijito cha kule kwenye mawe."

"Kule? Mbona unakwenda mbali hivyo, na ziwa liko hapa mlangoni?"

Yudith alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyesema mambo makubwa kwa sauti ileile ya kuombea chumvi. "Ziwa liko mlangoni, lakini ile mashua yenu inajisaidia humo. Wakiamka asubuhi wanapiga ile pampu yao, weusi unatoka, unatandaa mpaka tunapotekea. Ukichota, mtungi unang'aa rangi kama shingo ya njiwa. Nilipika nayo maharage siku moja. Baba yako, Mungu amrehemu, aliyala akaniuliza kama nimeyaungia mafuta ya taa."

Anyitike alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama hakuwa anacheka.

"Wenye miguu mizima wanakwenda kijitoni," Yudith aliendelea. "Vikongwe wanachota hapohapo, wanakunywa. Sasa wewe mwanangu, nasikia ndiwe umekuwa mwenye mashua."

"Mimi ni fundi tu, mama."

"Haya. Fundi."

Alichukua kibuyu chake akaingia ndani, na Anyitike akabaki kizingitini akiwa na neno lile "fundi" kifuani kama mfupa wa samaki.

Nahodha wa Faraja aliitwa Matano, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye mikono ya kamba na moyo usio na kinyongo, ila alipenda mambo yaishe upesi. Asubuhi Anyitike alimkuta amekwisha kuvua shati na kushika mpini wa pampu.

"Tunaikumba ngama yote saa hii hii," alisema Matano. Ngama, kwa watu wa vyombo, ni yale maji yanayotuama chini kabisa ya chombo. "Mchana tunasugua, kesho tunapakia."

"Tunaikumbia wapi?"

Matano alimtazama kama aliyeulizwa mvua inanyesha wapi. "Majini, bwana. Kwani unataka nikuwekee kwenye birika?"

"Hapa ndipo akina mama wanapoteka."

"Basi tuisogeze mpaka kati, tumwage huko. Ziwa hili halina mwisho."

"Upepo wa mwera ukivuma unarudisha kila kitu huku kwetu. Hata gogo likianguka majini mbali kusini, mwisho wake ni mchanga huu."

"Kwetu Tanga maji hujaa na kupwa. Yanachukua kila kitu, yanakwenda nacho."

"Hapa hayapwi, nahodha. Yanakuja tu."

Matano alisonya, akainamia mpini. Pampu ikakoroma, lakini haikutoa hata tone. Akapiga tena, akapiga mpaka jasho likamtiririka, ndipo akainua uso na kumwona Anyitike amesimama, mkono mfukoni.

"Umeifanya nini pampu yangu?"

"Nimetoa ngozi ya ndani. Jana jioni."

Matano alikuja juu, akatukana kwa Kiswahili kitamu cha pwani ambacho wenyeji waliokuwa ufukweni hawakukielewa nusu yake, ila walisogea karibu ili wasikose. Alisema mpunga unangoja, Alawi anangoja, malori yatakuja Mwaya na kuondoka matupu. Alisema yeye ndiye nahodha. Anyitike hakubisha hata moja. Hakuwa mtu wa ugomvi, na kazi hii alikuwa ameipenda. Matano alipoishiwa pumzi, Anyitike alisema, "Nahodha, nipe nafasi nijaribu kwa njia yangu. Nikishindwa, ngozi hii hapa, nitaipachika kwa mkono wangu mwenyewe, na maneno ya Alawi nitayapokea mimi."

Matano aliketi juu ya gunia, akajifuta. "Huko Iringa mnafundishwa ukaidi au ufundi?" aliuliza. Hasira ilikuwa imekwisha kumtoka, ndivyo alivyokuwa. "Haya. Jaribu."

Matema maranda hayakupatikana. Mbao zilichanwa huko juu Tukuyu. Lakini hiyo ni nchi ya mpunga, na nyuma ya kila nyumba palikuwa na kichuguu cha pumba ambazo watu hawakuwa na kazi nazo isipokuwa kuku kupekua. Anyitike alizichukua kiganjani, akazidondoshea mafuta machafu, akaminya. Zilikunywa. Hazikunywa kama maranda ya Iringa, lakini zilikunywa.

Kwanza waliivuta Faraja mpaka kwenye hori tulivu, pasipo mawimbi, wakaiacha itulie bila mtu kukanyaga ndani yake. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakipewa utulivu hupanda juu yenyewe. Kesho yake yalikuwa yametanda kama utando wa maziwa, na Anyitike akashuka na kata ya kibuyu, akawa anayaengua taratibu, asikoroge, akiyamimina kwenye madebe ya mafuta ya taa. Kilikuwa chumba chembamba. Ilimbidi alale kwa ubavu, shavu limegusa chuma. Matano alipokea madebe juu, mwanzoni kwa kununa, halafu kwa udadisi, na mwisho akawa anaelekeza: "Kushoto, kushoto, kuna dimbwi jingine limejificha nyuma ya kitako cha injini."

Alipokwisha kuengua, alishusha mito. Alikuwa ameshona magunia mabovu akayajaza pumba, na mito hiyo ikaelea juu ya maji yale ikifyonza mafuta yaliyobaki. Iliingia ya kahawia, ikatoka myeusi na mizito kama mizoga ya mbwa.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Chini ya mafuta bado kulikuwa na maji mengi, machafu, yaliyochanganyika, na madebe yalikwisha. Anyitike aliketi ukingoni mwa hori akiwa mweusi kuanzia nywele hadi nyayo, akitafakari, pale mtumbwi wa Wakisi ulipopita ukitoka Ikombe na vyungu. Aliyekuwa akipiga kafi mbele alikuwa binti aliyekwisha pevuka, Damari, mfinyanzi aliyekuwa maarufu kwa mitungi mikubwa.

"Ee baba, umeungua?" aliuliza.

"Sijaungua. Nasafisha."

"Unasafisha nini, na uchafu wote umejipaka wewe?"

Wenziwe wakaangua kicheko. Anyitike naye akacheka, meno yakiwa ndiyo kitu cheupe pekee mwilini mwake, kisha akamweleza shida yake: kwamba anahitaji chombo kikubwa cha kutuliza maji, mafuta yapande, halafu maji yatolewe kwa chini.

Damari alifikiri. "Ninao mtungi uliotoboka kitakoni wakati wa kuuchoma. Hauuziki. Tundu linatosha kidole. Ukiliziba kwa gunzi la hindi, si utafungua na kufunga upendavyo?"

Aliuleta kesho yake, mtungi mkubwa kama mzee aliyechuchumaa, pamoja na mwingine wa namna hiyo uliopasuka mdomo. Wakaipanga juu ya mawe, mbali na ufukwe, penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Walijaza, wakangoja, wakavuta gunzi: maji yalitoka chini kwenye shimo lililotandikwa pumba, na mara tu rangi ilipobadilika Damari akasukuma gunzi pale pale. Alikuwa na jicho la mtu anayejua udongo unakauka lini. Anyitike alimwambia hivyo. Damari akasema, "Tazama kazi yako," lakini hakuondoka siku ile mpaka mitungi ilipokuwa mitupu.

Akina mama walikuwa wamekwisha kusikia. Alitangulia Yudith, kata mkononi, na nyuma yake wakaja wengine, wakapanga mstari toka chomboni hadi kwenye mitungi. Maji ya ngama yakapita mkono kwa mkono katika vibuyu, bila tone kuanguka horini, huku wakiimba na kuwataja waume zao kwa majina. Matano, ambaye kwa adabu za kwao hakuzoea kuona wanawake wakishika kazi za chombo, alisimama pembeni kidogo. Kisha kikongwe mmoja akamkabidhi kibuyu, naye nahodha akaingia mstarini.

Pumba zilizokunywa mafuta zilipelekwa kwenye tanuru la matofali la misheni, ambako msimamizi, Fanueli, aliziomba hata kabla hajapewa. Alisema moto wake hajawahi kuuona na hamu namna ile.

Chumba kilipokauka, Anyitike alishuka na majivu, magadi na brashi ya makumbi, akasugua. Maji ya kusuuzia aliyapima kwa kikombe, na kila alichomwaga alikifuta kwa matambara. Ndipo, chini ya tabaka la mwisho la uchafu, penye kitako cha injini, mkono wake ulipopita juu ya kitu kikamstua. Aliita taa. Aliita nahodha.

Matano alijipenyeza ndani kwa shida, urefu wake wote, akatazama kule kidole kilikoelekeza. Boliti moja ya kushikilia injini haikuwapo kabisa, tundu limebaki wazi. Nyingine zilicheza kama meno ya mtoto. Na kwa sababu injini ilikuwa ikitikisika miaka yote hiyo, ubao wa chini yake ulikuwa umeanza kuachana na mwenzake. Ufa ulijaa matope ya mafuta, na tope lile ndilo lililokuwa likizuia maji.

Matano aliweka kiganja juu ya ufa.

"Tungekumba, tungepakia," alisema pole pole. "Mpunga wote huo mpaka Mwaya. Na mwera huu."

"Labda ubao ungestahimili," alisema Anyitike.

"Labda." Matano alitoa kiganja, akakitazama. "La haula. Mimi nilidhani maji haya yanatoka mvuani."

Kesho yake vijana wa Matema waliiburura Faraja juu ya magogo hadi mchangani, na Matano, ambaye alijifunza useremala wa vyombo kwa baba yake kabla hata ya kujua kusali, aliukalafati ule ufa kwa pamba na mafuta mazito, akipiga nyundo kwa mapigo madogo madogo. Kazi hiyo Anyitike hakuijua. Alikaa kando akimpa zana, akauliza mambo, na Matano akafurahi kuulizwa. Kisha Anyitike akatengeneza boliti mpya katika karakana ya misheni, akakaza bomba la dizeli lililokuwa likidondosha tangu enzi za fundi wa kwanza, na chini ya injini akaweka sinia kuukuu la bati, ili tone likitoka lianguke hapo, lifutwe asubuhi.

Yalibaki yale madebe ya mafuta meusi. Anyitike alikuwa akiwaza ayazike wapi, pale jirani mmoja alipopita akayanusa, akauliza kama anaweza kupata kidogo cha kupaka nguzo zake, maana mchwa walikuwa wamemfikia kitandani. Alipewa. Kabla jua halijazama njia ilijaa watu wenye vibuyu, na Anyitike alilazimika kumwekea mama yake debe moja chini ya kitanda lisiibwe.

Alawi aliposhuka kwa lori kutoka Mbeya, amechelewa na amejiandaa kufoka kwa sababu ya siku zilizopotea, alikuta Faraja inaelea na Matano amekaa mlangoni pa chumba cha injini, anakula ugali na samaki hapohapo. Alawi aliingiza kichwa ndani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Mbona hainuki?"

"Ingia ukae, Bwana Alawi," alisema Matano. "Samaki wapo."

Alawi aliingia, akakaa, akala. Kufoka kwake kulikwisha na yule samaki. Safari ya kwanza alipanda mwenyewe, na mpunga ule ulipofika Mbeya, Mwanakhamisi alifungua gunia kwanza, akatia uso ndani, kabla ya kumruhusu mumewe aingie na viatu.

Miezi ikapita. Asubuhi Anyitike akifuta sinia lake, wanawake walijaza mitungi hatua chache kutoka chomboni, wakimsalimia, na siku moja aliona kwamba hakuna tena aliyemwita Mwiringa. Hakukumbuka jina hilo liliisha lini. Alilokumbuka ni kwamba kila mzigo wa vyungu wa Ikombe ulipohitaji kuchukuliwa, yeye ndiye aliyemkumbusha nahodha, hata nahodha alipokuwa hajasahau.

"Vyungu vitatu tu vipo huko," Matano alisema safari moja. "Dizeli tutakayochoma ni ya thamani kuliko vyungu."

"Ni vyungu vizuri."

"Sijakataa. Mwenye vyungu je?"

Anyitike alijifanya anasikiliza injini.

Yudith mwenyewe ndiye aliyekwenda Ikombe kusema maneno ya posa, amevaa kanga mpya na kushika jogoo. Wazee wa Damari waliuliza huyo kijana ni wa wapi, na Yudith akajibu kwa sauti yake ileile ya chumvi kwamba ni wa palepale Matema, kitovu chake kiko nyuma ya migomba, wakitaka waende wakachimbe. Wakisi wakacheka, wakapokea jogoo.

Siku ya harusi Alawi aliitoa Faraja bila kuombwa. Ndugu wa Damari walipanda Ikombe wakiwa wamejaa pomoni, ngoma mbele, vyungu vya pombe katikati, na shangazi wa bibi harusi, wanene na wenye nguo nyeupe za kanisani, wakakaa juu ya kifuniko cha chumba cha injini kwa sababu hapakuwa na pengine. Anyitike, suti yake ya kuazima ikimbana makwapani, alikataa kukaa na wanaume. Alikaa karibu na mtambo wake akasikiliza. Ulikuwa unapiga sawa.

Walipokuwa nusu ya njia, mvua ya kwanza ya vuli ikashuka kutoka milimani. Matano akamwachia Anyitike usukani, akavuta turubai la mpunga, akaanza kuwafunika wale shangazi mmoja baada ya mwingine, nao wakamshika asiondoke, wakamfundisha wimbo.